Kopo na Kilele Chake

Wenzangu wa soko la Ngokolo wananicheka. Wanasema Mwaisha ana wazimu wa kopo. Kitako cha kopo langu kimenyooka sawasawa, nilikipeleka mwenyewe kwa fundi bati akakigonga kwa nyundo, na juu bado naweka kilele mpaka karanga zinaporomoka kwenye mkeka. "Utafilisika, Mama Mwanaidi," wananiambia. Haya, nifilisike! Nina sababu yangu. Vuta kigoda ukae, maji ya tangawizi hayajachemka, nikusimulie.

Chanzo cha yote ni mume wangu, Sabiti. Huyu bwana alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha ushirika, miaka kumi na minane anapima pamba ya wakulima. Vyama vilipofutwa mwaka wa sabini na sita, akarudi nyumbani na kalamu mbili, daftari moja nene, na macho ya mtu aliyezoea kutazama mshale. Sasa, mwanamume aliyezoea kupima, ukimweka nyumbani bila kitu cha kupima, usimwache karibu na karanga zako. Nakwambia mimi niliyeyaona.

Alianza na vitumbua vyangu. Akagundua kwamba kitumbua ni kipimo cha njia. Kutoka kwetu mpaka stesheni ya reli ni vitumbua viwili kwa mtu mzima asiye na haraka. Akiwa amechelewa treni ni kimoja na nusu, kwa sababu mwenye haraka hatafuni, anameza. Mtu akimuuliza Sabiti stesheni iko mbali, anajibu, "Vitumbua viwili, lakini ukipita njia ya msikitini chukua na cha tatu." Mgeni wa watu anabaki mdomo wazi.

Akaingia kwenye kahawa. Kikombe kimoja kidogo, kile kisicho na mkono, kina mafunda manane mnywaji akiwa peke yake. Akiwa barazani na wenzake, kikombe hicho hicho kinafika mafunda ishirini, na ukitajwa mpira hakiishi kabisa. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa kazini: "Kahawa huongezeka kwa mazungumzo. Sababu haijajulikana." Nilimwambia sababu ninaijua mimi ninayesubiri vikombe vyangu nivioshe, lakini hakuiandika.

Neno "kidogo" lilimchukua mwezi mzima. Mgeni akisema "niwekee sukari kidogo", alipima, ni vijiko vitatu. Mwenye nyumba akisema "sukari imebaki kidogo", hamna kitu. Mwaka wenyewe ulikuwa wa themanini na moja, sukari ni ya foleni, ukiipata unaificha hata na macho ya kuku. Kwa hiyo utafiti huo ulikuwa mgumu, na nusu ya sukari iliyopimwa aliilamba mtafiti.

Mizani alikuwa anaazima. Pale mtaa wa pili kulikuwa na sonara, Ramniklal, mwenye mizani ndogo ya kupimia pete na hereni, hata ukipumua karibu yake inatikisika. Yeye na Sabiti walikuwa marafiki wa kubishana. Mawe ya mizani hiyo yalikuwa na majina ya Kihindi ambayo Sabiti hakuyajua, basi akatumia njiti za kiberiti. Hilo tulifundishwa na mkwe wetu Hatibu, anayechimba dhahabu upande wa Kharumwa. Wachimbaji wadogo hupimia vumbi lao kwa njiti. Karanga moja ya Shinyanga, iliyokaangwa, ni njiti tano. Ya Kahama ni tano na nusu, na watu wa Nyasubi kule Kahama wasisikie, watapandisha bei. Kijiko cha chai cha chumvi, kikikatwa kwa kisu kikawa bapa, ni njiti hamsini na sita. Kikiwa na kilele chake, mia moja na tano.

"Unaona, Mama Mwanaidi?" akaniambia siku hiyo, anatetemeka kwa furaha. "Kilele ni karibu kijiko cha pili!"

"Naona una njaa," nikamwambia.

Sasa sikiliza habari ya kilele, maana ndiyo roho ya soko letu. Mteja wa karanga hatazami kopo. Anatazama kilele. Unajaza kopo, unarundika mpaka hazirundikiki tena, unamiminia kwenye kitambaa chake, halafu unatupia konzi moja ya nyongeza. Muuzaji anayefyeka kilele kwa kiganja, watu wanampita kama hawamwoni. Mimi kilele changu kilikuwa na jina mpaka vijijini. Mzee Jilala alikuwa akija kwa baiskeli kila Jumamosi, anaacha wauzaji sita njiani, ananijia mimi. Nikimwekea kilele anavua kofia, "Wabeja, mayu!" Ahsante, mama, kwa Kisukuma chao. Siku hiyo nilikuwa natembea kifua mbele.

Basi Jumamosi moja, Jilala akiwepo, Sabiti akaja sokoni na daftari lake chini ya kwapa. Nikajua hapa pana jambo.

"Nimethibitisha," akasema kwa sauti ya ofisini. "Kitako cha kopo hili kimebonyea kwa ndani. Kilele anachoongeza mke wangu juu ni konzi mbili na punje saba. Kitako kinakula konzi mbili na punje tisa. Kwa hiyo ukarimu wake wote, ukipigiwa hesabu, umepungua sifuri kwa punje mbili."

Jilala alicheka mpaka akashika baiskeli asianguke. Soko zima likacheka. Mimi uso ulinishuka. Kopo nililinunua likiwa vile, makopo yote ya soko yalikuwa vile, wauzaji wote tulijua na hatukutaka kujua. Lakini mume wako wa ndoa akusomee mbele za watu! Nilifunga mkeka saa nne asubuhi nikarudi nyumbani.

Wiki tatu sikusema naye. Nilikuwa na kuku mmoja mwekundu, huyo ndiye aliyekuwa posta yetu. "Ewe kuku, mwambie mwenye nyumba ugali uko tayari." Na yeye kutoka barazani, "Kuku, mwambie mama nashukuru." Kuku mwenyewe alituona wajinga wote wawili.

Katika wiki ya tatu binti yetu Mwanaidi akaja kutoka Kharumwa na mtoto wake, Zamoyoni. Mwaka mmoja na nusu, meno manne juu, mashavu unataka kuyang'ata. Mjukuu wangu wa kwanza na mpaka siku hiyo wa pekee. Siku mbili alicheza vizuri. Siku ya tatu tangu alfajiri akaanza kuharisha, na kutapika juu yake, mpaka kufika saa mbili asubuhi macho yameingia ndani.

Tulimkimbiza zahanati, mimi na mama yake. Nesi alikuwa dada mmoja anaitwa Justa, mpole lakini hana maneno mengi. Alimfinya mtoto ngozi ya tumbo, akaitazama inavyorudi polepole. Nami nikaona uso wake.

"Maji yamemwishia mwilini," akasema. "Pakiti za dawa ya kuchanganya zimeisha tangu juzi. Lakini mnaweza kuitengeneza nyumbani, ni ile ile. Lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Sukari vijiko vidogo sita. Chumvi nusu kijiko. Vyote bapa. Mnampa kidogo kidogo, bila kuacha. Na kabla ya kumpa, onjeni. Chumvi isizidi ya machozi."

"Machozi nitayatoa wapi, nesi?" nikamjibu. "Mimi si mtu wa kulia."

Hakucheka. "Asipokojoa mpaka adhana ya magharibi, mbebeni mkimbie hospitali. Msingoje adhana iishe."

Basi hilo ndilo lililokuwa mbele yetu: mkojo wa mtoto, kabla ya magharibi.

Tulipofika nyumbani, Sabiti alikuwa amesimama mlangoni, daftari mkononi, rangi imempotea. Mwanaidi akamweleza yote. Akanigeukia mimi, si kuku. "Mama Mwanaidi, nikupimie?"

Lahaula! Hata sasa nikikumbuka nilivyomjibu natamani kujipiga kofi. Nilimtazama kuku nikasema, "Ewe kuku, mwambie bwana mizani akapime karanga. Mjukuu wangu nitampimia mwenyewe."

Akainamisha kichwa, akaondoka kwenda msikitini kumwombea mtoto, adhuhuri bado iko mbali.

Nikapima. Nikachukua kopo langu, kwa sababu sokoni maziwa yakipimwa kwa kopo lile tunasema lita. Sukari iliyokuwa ndani ya nyumba ilitosha vijiko sita, sitaki kusema vya namna gani, nilikwangua mpaka kona za karatasi. Nikaja kwenye chumvi. Nikachota nusu kijiko kama alivyosema nesi. Nikakitazama. Mkono wangu ukaona haya. Nusu kijiko kwa Zamoyoni wangu! Mteja nisiyemjua namrundikia kilele, damu yangu nimfyekee? Neno bapa nilikuwa nimelisikia kwa sikio moja. Nikachota kijiko kizima, kikasimama na kilele chake kizuri. Nikakitia. Halafu, Mungu anisamehe, nikatupia na nyongeza.

Kuonja sikuonja. Niliona ni muda wa kupoteza.

Mtoto alikunywa kwa pupa, maana kiu ilikuwa imemkamata. Akatapika. Tukampa tena. Akataka tena, analilia kikombe, akipewa anatapika, akitapika anazidi kulia. Midomo ikakauka ikapasuka. Na alikuwa analia bila chozi hata moja, macho makavu. Mwanaidi ananitazama mimi. Mimi natazama kopo.

Sabiti alirudi baada ya swala ya adhuhuri. Alichovya kidole kwenye kopo, akakitia mdomoni. Akatema mate.

"Umeweka chumvi kiasi gani?"

"Kijiko."

"Chenye kilele?"

Nikafuta kijiko kwa khanga.

"Na maji ni kwa kopo hili?"

Nikamsogezea kopo. Akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye mstari. "Nesi ametaka njiti ishirini na nane. Kilele chako ni mia moja na tano, bado nyongeza. Na kitako kimekula maji."

Angeweza kuniambia, "Nilikuambia." Mwanamume mwingine angeniambia, na mbele ya binti yangu, na ningestahili. Sabiti hakusema. Alifunga daftari, akamwaga yale maji uani mbali na kuku.

Nikakaa sakafuni na machozi, mimi nisiyelia, yakanitoka mpaka yakaingia mdomoni. "Baba Mwanaidi," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina hilo baada ya wiki tatu. "Baba Mwanaidi, nisamehe. Nisaidie. Nimemmaliza mtoto kwa mkono wangu mwenyewe."

"Hujammaliza. Chemsha maji mengine. Sukari imebaki kiasi gani?"

"Hamna kabisa."

"Kidogo ya mwenyeji," akasema, lakini hakuwa anatania, na alishavaa viatu.

Hakurudi yeye kwanza. Aliyeingia kwanza ni Lataben, mke wa Ramniklal, ambaye sote tunamwita Mama Nirmala. Alikuja mbio miguu mitupu kwenye vumbi la moto, ncha ya sari yake imefungwa fundo, na ndani ya fundo kuna sukari. Yote waliyokuwa nayo. Watu hawa, chai yao bila sukari hawaiiti chai, na mgawo mwingine haukujulikana utakuja lini. Alifungua fundo akaimwaga yote kwenye sahani yangu, akatikisa na nguo. "Mama Mwanaidi, chukua, chukua," akasema, kisha akaketi akamchukua mtoto kutoka kwa Mwanaidi kana kwamba alikuwa mjukuu wake. Mpaka leo sijapata neno la kumshukuru. Nilisema wabeja, neno la Jilala, kwa Mhindi ambaye nadhani hakulielewa, kwa sababu Kiswahili changu chote kilikuwa kimenikimbia.

Nyuma yake wakaja wanaume, Ramniklal amekumbatia mizani yake na Sabiti ana kiberiti.

Nikaona sasa kazi ya lile daftari. "Lita moja," Sabiti akasema, "ni chupa tatu za soda, na kikombe kimoja cha kahawa, na nusu yake." Nilikuwa nimemcheka wiki nzima alipokuwa anamimina maji kutoka chupa hadi chupa uani, nikimwambia ananywesha ardhi. Akazimimina chupa tatu kwenye sufuria, akamimina kikombe, akamimina nusu, bila tone kwenda nje. Sukari akaikata kwa mgongo wa kisu, kijiko baada ya kijiko, bapa. Chumvi wakaiweka kwenye mizani, njiti ishirini na nane upande wa pili, Ramniklal amezuia pumzi.

Chumvi yenyewe ilikuwa kiduchu. Mkono wangu ulianza kuwasha.

"Usiongeze," Sabiti akasema bila kuniangalia.

"Siongezi."

Akakoroga, akaninyooshea kikombe. "Onja wewe. Wewe ndiye mwenye machozi."

Nikaramba mdomo wangu kwanza, kisha nikaonja. "Machozi yameshinda," nikamwambia. "Yana chumvi kuliko haya."

"Basi apewe."

Tukampa kwa kijiko. Sabiti alihesabu pumzi kwa sauti ndogo, kila pumzi kumi na tano kijiko kimoja, na hakuruhusu kijiko cha haraka hata mtoto alipokilalamikia. Akatapika mara moja. Tukangoja, tukaanza upya. Alasiri ikaingia. Mwanaidi akachoka, nikashika mimi. Nikachoka, akashika Mama Nirmala. Kadiri ya chupa moja ya soda ikaisha ndani ya mtoto. Ya pili ikafika katikati. Hatapiki tena, lakini chini ni pakavu. Nilimfunua nikamfunika, nikamfunua nikamfunika, mpaka Mwanaidi akanishika mkono.

Jua lilianza kuegemea. Ramniklal akaenda kuleta gari lake mlangoni, na petroli ya mwaka ule unaijua, akaliacha linanguruma. Nikatoa khanga ya kumfungia mtoto. Sabiti alikuwa amevaa kanzu yake nyeupe kwa ajili ya magharibi. Akampakata Zamoyoni kifuani, daftari mfukoni, tayari kutoka. Nilikuwa ninamwomba Mungu kitu ambacho sijawahi kusikia mtu akikiomba, na ninaomba kwa dhati: Ya Rabi, mkojo. Mkojo tu, kidogo, kidogo ya mgeni.

Muadhini akakohoa kwenye kipaza sauti cha msikiti. Sabiti akavuka kizingiti.

Akasimama.

Akasimama pale pale, mguu mmoja ndani mmoja nje, anatazama chini. Kanzu yake ilikuwa inabadilika rangi kuanzia tumboni, ikashuka gotini, ikafika kwenye kiatu. Mfuko wa daftari ukalowa wote, pamoja na vitumbua na kahawa na karanga zote za Shinyanga zilizomo. Na Zamoyoni, macho yamefunguka, anamtazama babu yake, na kwenye pembe ya jicho lake kuna kichozi.

"Amekojoa," Sabiti akasema. Kisha akapiga kelele mpaka mtaa wa pili, "Amekojoaaa! Alhamdulillahi!"

Mama Nirmala akapiga kofi, Ramniklal akazima gari akasahau ufunguo, Mwanaidi akaangukia shingoni kwangu. Mimi nilitaka kuhakikisha. Siku nzima ile nilikuwa nimejifunza kuhakikisha.

"Kiasi gani, Baba Mwanaidi?" nikamuuliza. "Sema kweli. Kiasi gani?"

Mume wangu, karani wa mizani, akamtazama mtoto, akaitazama kanzu inavyotiririka, akanitazama mimi, machozi yanamshuka mpaka kwenye ndevu.

"Na kilele chake, Mama Mwanaidi," akasema. "Na kilele chake."